Uzito wa Limi

Siku ya kufunga kambi watu walifika shuleni umande haujakauka, na wengi hawakuja kuchukua watoto. Mtoto wa kule njia ya kwao anaijua, angerudi mwenyewe. Watu walikuja kuona mzani.

Mwaka ule mvua zilikata mapema. Mtama ulikauka kabla ya kuzaa, na vijiji vya upande wa Buseresere vikawa vinakula michembe asubuhi, michembe jioni. Walioishiwa hivyo viazi vikavu walikuwa wakipitapita kwa majirani saa ya kuinjika, eti wanaomba moto. Ndipo Eustace, yule Bwana Maendeleo kijana mwenye soksi ndefu, alipokuja na lori la Serikali akatangaza kambi ya watoto ya likizo. Watalala shuleni, alisema, watafundishwa nyimbo, kushona, usafi na michezo. Tena watakula. Hilo la mwisho hakulirudia, na hakuna aliyemwomba alirudie.

Sasa mkulima wa pamba, mwambie habari yoyote uitakayo, ila usimwambie habari za mizani. Eustace alitaka wazazi waone kwa macho yao jinsi watoto watakavyonenepa, lakini mzani wa chuma nani angeuamini? Mzani wa chuma ndio uliowalia pamba yao tangu enzi za baba zao. Kijana aliwaza, akaona njia ni moja, akamfuata Mabula nyumbani kwake.

Mabula alikuwa mpimaji wa wakulima. Yaani chama cha walima pamba kilimchagua asimame kando ya mzani wa mnunuzi siku za soko, ahakikishe hakuna kidole kinachoegemea pasipotakiwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Akiinua gunia mara moja anakutajia ratili zake, na mzani ukija baadaye unakuja kumuunga mkono tu. Watu walifikia kuapa, "Kwa mkono wa Mabula."

Alichimbia nguzo mbili uwanjani, akalaza mtambaa juu yake, akaning'iniza hapo mti mnyofu uliofungwa kamba katikati kabisa. Upande mmoja kiti cha ubao, upande wa pili kulabu ya gunia. Siku ya kufungua kambi kila mtoto aliketishwa kitini, na mzazi wake mwenyewe akamimina mchanga kwenye gunia mpaka mti ukalala sawa. Gunia likashonwa, likatiwa alama ya nyumba yao, likafungiwa darasani. Siku ya kufunga, mtoto atapambana na gunia lake. Kiti kikishuka, amenenepa. Hapo hata bibi asiyejua kusoma hahitaji mkalimani.

Bernadina, mke wa Mabula, alisimama nyuma ya wenzake karibu na jiko la kambi, akisali kimoyomoyo sala ambayo padri asingeitambua. Mama Maria, naomba Limi wangu awe amekula. Si kula kidogo. Awe amekula jiwe zima.

Maana siku chache kabla ya kambi kufunguliwa, Theonest, dresa wa zahanati, alitangaza kwamba watoto ambao mzani utaonyesha wamedhoofika mno hawatapokelewa kambini, watapelekwa hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa. Limi wakati huo alikuwa mifupa na macho. Na hospitali ile Bernadina anaijua. Mtoto wake wa kwanza, Maduhu, alipakiwa kwenye lori akipunga mkono, na hawakurudishiwa hata shati lake. Hakuna aliyemkosea, ugonjwa ulimzidi nguvu. Lakini nenda kamweleze mama maneno hayo. Zamani watu walimwita Mama Maduhu. Baadaye, polepole, kwa huruma, wakahamia kwenye Mama Limi, naye akawa anaitika, ila kila mara kwa kuchelewa kidogo.

Basi alifanya alilolijua. Kila nyumba kule inajua kazi ya jiwe katikati ya gunia la pamba. Anayesema hajui ni mgeni au mwongo. Alichukua jiwe lake dogo la kusagia, akamfunga Limi kiunoni, akamviringishia kaniki juu yake, akamwambia, "Usimwambie mtu. Ukisema tu, watakupeleka alikokwenda kaka yako." Limi akapita, na jiwe likarudi nyumbani siku ile ile. Jambo moja Bernadina hakuliwaza, nalo mpaka leo linanishangaza kwa mtu mwenye akili kama yule: pamba hupimwa mara moja, ikaenda zake. Hakuwahi kuona kitu kinachorudi mzanini mara ya pili. Msimcheke. Au mcheke, lakini kidogo.

*

Watoto walianza kupimwa. Akaketi huyu, kiti kikashuka, vigelegele. Akaketi yule, kiti kikashuka, vigelegele. Justa, binti wa Serafina, alishuka kwa kishindo mpaka akagusa chini kwa matako, na mama yake akacheza mbele ya watu wote kama aliyepata mkwe.

"Limi binti Mabula!" Eustace akaita.

Limi alitoka mbio, mashavu yamejaa, shingo imepata mkunjo. Alikuwa amemshika Justa mkono, akauachia. Baba yake akamwinua, akamketisha kitini, akalitundika gunia lenye alama ya nyumba yao, akaachia kamba.

Mti ulisita. Kisha gunia likashuka taratibu, na Limi akapanda juu, miguu inaning'inia.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Umekwama huo," sauti ikasema.

Mabula alimshusha mtoto, akatoa gunia, mti ukalala sawa, haukuegemea huku wala kule. Akahamisha kila kitu, gunia likaenda upande wa kiti, mtoto upande wa kulabu. Gunia likashuka tena.

"Na huyu," Serafina akasema kwa sauti, "ndiye aliyekuwa akimaliza sahani yake anamalizia na ya Justa wangu! Justa kaniambia mwenyewe. Sasa chakula kinakwenda wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na liliwaingia watu kama upele. Chakula kinakwenda wapi? Walisogea karibu, wakamtazama Limi mbele, wakamtazama nyuma. Mmoja akasema minyoo. Mwingine akasema kuna mtu mzima mahali fulani anakula kwa mdomo wa mtoto huyu, na mtu huyo leo tutamjua. Wa tatu akasema mchanga umekunywa maji. Mzee Maige, mwenyekiti wa chama cha wakulima, alichukua gunia, akapenyeza kidole kwenye mshono, akauonja mchanga kwa ncha ya ulimi.

"Mkavu," akatoa hukumu, akatema mate.

Dresa Theonest hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa, akaweka sikio mgongoni kwa Limi.

"Unakohoa, binti yangu?"

Limi alimtazama mama yake kwanza. "Juzi nilikohoa. Nilipaliwa na dagaa."

Watu walicheka. Theonest hakucheka. "Mtoto anayekula vizuri na huku anapungua, mimi namwogopea kifua," alisema, akijifuta mavumbi magotini. "Hapa sina kifaa cha kuniambia zaidi."

Neno kifua liliwarudisha watu nyuma hatua nzima. Justa alikuwa amekwisha kumshika mwenzake mkono tena. Walilala mkeka mmoja tangu kambi ianze. Serafina alipita katikati, akautoa mkono wa binti yake, akaupangusa kwa upindo wa kanga yake. Alifanya hivyo bila chuki, na ndiyo maana Bernadina aliumia zaidi.

Eustace alizungumza kwa upole wa watu wa ofisi. Lori linaondoka adhuhuri na masufuria na mablanketi. Mtoto atapanda humo mpaka bomani, kisha kivuko, kisha hospitali.

"Atakaa muda gani?" Bernadina akauliza.

"Miezi, mama. Kifua hakitibiwi kwa haraka."

*

Alimkuta Mabula nyuma ya darasa, anakunja kamba ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

"Baba Limi, mtoto asiende."

"Mzani umesema."

"Mzani ni miti na kamba!"

"Miti nimechonga mimi. Kamba nimefunga mimi." Hakuinua uso. "Wiki ijayo soko la pamba linafunguliwa. Leo nikisema mzani wangu umekosea, nani atanisikiliza nikisimama mbele ya mnunuzi nikamwambia wake umekosea?"

Bernadina aliwaza habari ya jiwe. Akisema, mtoto anapona na baba anakufa. Si kufa kwa kuzikwa, kufa kwa jina. Mke wa Mabula, Mabula yule anayeapiwa, ametia jiwe. Wangelisimulia mpaka migodini Geita. Tena mwenyewe Mabula angefanya nini? Katika ndoa yao hajawahi kumpiga, lakini Bernadina naye hajawahi kumpa sababu kubwa kiasi hicho.

Akamfuata Limi, akamkuta amekaa juu ya furushi lake kando ya lori, peke yake, wenzake wamekatazwa kumkaribia. Aliinama kumfunga vizuri kitambaa cha kichwa, apate kazi ya mikono.

"Mayu," Limi akamnong'oneza mama yake, "sikumwambia mtu. Hata Justa sikumwambia."

"Najua, mwanangu."

"Na kule hospitali wakiniuliza, nisiseme pia?"

Bernadina alibaki ameshika ncha mbili za kitambaa. Alimwona mtoto wake amelala kwenye kitanda cha chuma katikati ya wagonjwa wa kifua wa kweli, mzima kama kigongo, amefunga mdomo miezi na miezi kwa kuwa mama yake alimwambia afunge. Na angefunga kweli. Huyu angefunga mpaka aambukizwe.

"Simama," akasema. "Twende."

*

Alirudi uwanjani anamburura mtoto, akasimama chini ya mzani, watu wakiwa wanaanza kutawanyika. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Limi haumwi! Nilimfunga jiwe."

Wakageuka. "Umemfunga nini?" Mzee Maige akauliza, mkono sikioni.

"Jiwe langu dogo la kusagia. Siku ya kwanza. Nilimfunga kiunoni ili asionekane mwepesi akapelekwa hospitali. Mchanga niliomimina ni wa mtoto na jiwe. Leo jiwe halipo. Ndiyo hivyo. Mume wangu hajui lolote," akaongeza haraka, "msimtazame yeye, nitazameni mimi."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alijiandaa kwa kicheko. Hakujiandaa kwa walichompa, nacho kilikuwa huruma.

"Masikini," mwanamke mmoja akasema. "Hata mimi ningesema hivyo hivyo."

Eustace alimsogelea, akamwekea mkono begani. "Mama Limi, tunaelewa. Kila mzazi mtoto wake akichukuliwa hutafuta neno. Lakini neno halitamponya."

"Silitafuti! Nitalileta jiwe lenyewe!"

"Utaleta jiwe gani?" Serafina akauliza, na udadisi wake ulikuwa wa kweli. "Nchi nzima hii ni mawe, mwenzangu. Utachagua linalolingana na shida yako, nani atakubishia?"

Na hapo Bernadina aliona alivyonaswa. Uongo wake walikuwa wameuamini bila kumwuliza swali; ukweli wake walikuwa wanaupigapiga mgongoni kama mtoto mwenye kwikwi. Theonest alikuwa amekwisha kumshika Limi mkono. Dereva akawasha lori.

"Mwache mtoto," akasema Mabula.

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama penye nguzo, kamba bado mkononi.

"Mama yake anasema kweli. Kulikuwa na jiwe."

"Alikwambia?" Mzee Maige akauliza.

"Hakuniambia. Siku ile mimi ndiye niliyemwinua kumketisha. Limi ninambeba kila siku, uzito wake ninaujua kama ninavyoujua mkono wangu. Ule haukuwa wake. Jiwe likanigonga hapa." Akagusa mbavu. "Nikamketisha, nikanyamaza."

Bernadina alimtazama mume wake kama anayetazama mtu aliyeshuka sasa hivi kutoka kwenye basi.

"Wewe?" Mzee Maige akasema, akarudia, "Wewe, Mabula? Uliona jiwe mzanini ukanyamaza? Kwa nini?"

"Maduhu nilimpakia mimi kwenye lori," Mabula alisema. "Kwa mikono hii. Nikamwambia, utarudi." Alikunja kamba mara nyingine, ikamponyoka. "Na leo nimesimama hapa tangu asubuhi nangoja nione nani kati yetu wawili ataanza kusema. Nilijiambia, lori likiwaka nitasema. Limewaka, nikajiambia, likianza kwenda. Mwanamke huyu amenishinda."

Hakungoja jibu. Alipanda baiskeli yake, akapotea kwenye kona ya shamba la mihogo, na watu wakabaki wanaulizana. Dereva akazima lori bila kuambiwa; yeye naye alitaka kuona. Mabula aliporudi jasho linamtiririka, jiwe limefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, jeusi, limelainika upande mmoja kwa miaka ya mtama. Akampa Serafina alishike. Serafina aliligeuza, akaona unga mkavu kwenye vishimo vyake, akakubali kwa kichwa kwamba hili halikuokotwa njiani.

Limi akaketi kitini, jiwe mapajani. Mabula akaachia kamba.

Kiti kilishuka chini kwa kishindo, gunia likaruka juu likamkosa Bwana Maendeleo kichwani kidogo tu. Serafina ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, kirefu mno, kama mtu anayelipa. Justa akakimbia kumkumbatia mwenzake na safari hii hakuna aliyemzuia. Theonest akarudia kumsikiliza Limi mgongoni, akasema basi, aende nyumbani, ila mama yake amlete zahanati baada ya mwezi, tena aje bila mawe.

*

Watu walikuwa wakicheka, lakini Mzee Maige hakuwa amemaliza. Mwenyekiti ni mwenyekiti.

"Mabula," aliita, na kicheko kikapungua. "Jambo moja linanisumbua. Mkono wako unajua jiwe hata likiwa ndani ya nguo ya mtoto."

"Ndiyo, mzee."

"Basi magunia yetu ya pamba. Misimu yote hii. Yaliyokuwa na… na vitu." Akashusha sauti. "Uliyajua?"

"Yote."

Sijui kama mmewahi kuona umati mzima unatazama vidole vyake vya miguu. Hata Serafina aliona kitu cha kumsafisha Justa sikioni.

"Jiwe lako la mwaka jana, mzee, nililitoa usiku nikalitupa mtoni, mnunuzi asikuaibishe," Mabula akasema. "La mke wangu nililiacha. Hiyo ndiyo tofauti. Mpimaji anayeacha la kwake si mpimaji. Soko likifunguliwa, mtafuteni mwingine."

Walimbembeleza. Walimwambia mambo haya ni ya nyumbani, yaishe hapa hapa, nani asiyekuwa na mtoto? Walimbembeleza kwa nguvu sana, na baadhi yao, nadhani, walikuwa wanajibembelezea wenyewe. Mabula alitikisa kichwa. Alifungua kamba za mzani moja moja, akamkabidhi Eustace mti, akamwambia unafaa kwa kuni.

Bernadina alingoja. Alijua amepoteza nini siku ile. Jina la mume wake lilikuwa ndilo shamba lao la pili, ndilo lililowapa mkopo wa mbegu na nafasi ya mbele kanisani, na yeye ndiye aliyeliwekea jiwe. Njia nzima ya kwenda nyumbani alitembea nyuma yake bila neno, na alipoona hawezi tena, akasema, "Unipige basi."

"Nikupige kwa kosa la nani?" Mabula akauliza. "Tulikuwa wawili."

Limi alikuwa amechoka, anaburuta miguu, anasimulia wimbo wa kambi bila kuuimba. Mabula akampa Bernadina baiskeli aisukume. Akamwinua mtoto, akamweka begani, akasimama kidogo pale pale njiani kabla ya kuanza kutembea.

"Mzito huyu," akasema.

"Ni yeye mwenyewe?" Bernadina akauliza.

"Ni yeye mwenyewe."